Mwenendo tulioupokea kwa baba zetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia watu wanapokaa nasi baada ya ibada, kwenye semina za ndoa, na usiku kwa simu. Mimi ni mzee wa kanisa, nimezaliwa na kulelewa mkoani Iringa, na mengi kati ya haya niliyauliza mwenyewe kabla sijaulizwa. Mistari ni ya Biblia ya Union. Unaweza kusoma swali moja tu linalokugusa. Palipo na jibu refu mahali pengine nimekuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Mnaposema "mwenendo wa ukoo" mna maana gani hasa?

Mambo mabaya yanayojirudia katika familia moja, baba hadi mwana, mama hadi binti, mpaka watu wanayaona kuwa ndiyo sura ya ukoo. Wanaume kunywa hadi shamba linauzwa. Kupiga wake. Kuzaa na kutelekeza. Ndugu kukaa miaka kumi bila kusalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Neno lenyewe tumelitoa kwa Petro: "mlikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, mpate kutoka katika mwenendo wenu usiofaa mlioupokea kwa baba zenu, bali kwa damu ya thamani" (1 Petro 1:18-19).

Naomba utulie kidogo kwenye neno "mlioupokea". Kwetu, msimu wa mvua, ulanzi, kinywaji cha mianzi, uliogemwa asubuhi ni mtamu. Tunauita mtogwa, na mtoto wa miaka mitano hupewa kikombe bila mtu yeyote kushtuka. Ukilala unakuwa mkangafu, kinywaji cha wakubwa. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa. Nabeba kidumu kwenda kumchukulia baba, na njiani nalamba mdomo wa kidumu. Hakuna siku hata moja niliyofundishwa kunywa, lakini nilipofika miaka kumi na saba nilikuwa najua kunywa.

2. Sasa hiyo ni laana au ni tabia tu?

Watu wengi wakija wanataka niseme moja. Biblia inaijua laana, wala sitaki kuifanya hadithi. Lakini hiyo hiyo inasema "laana isiyo na sababu haimpigi mtu" (Mithali 26:2), na kwamba Kristo "alitukomboa katika laana ya torati, kwa kuwa alifanywa laana kwa ajili yetu" (Wagalatia 3:13). Aliye ndani ya Kristo hana laana ya babu inayomdai.

Nikisema kwa uzoefu wangu, mara nyingi jambo ninaloletewa kama laana, nikikaa nalo saa nzima, nakuta ni siri. Kuna kitu kilitendeka, kila mkubwa anakijua, hakuna anayekitaja, na watoto wanakua wakizunguka shimo ambalo hawajaonyeshwa. Wanaanguka humo humo.

Ukiita kila kitu laana, utakaa ukisubiri mtu mwenye upako aje akuvunjie, na mkono wako mwenyewe hautasogea. Ukiita kila kitu tabia, utapigana kwa nguvu zako mpaka uchoke. Tunaomba, tena tunaomba kwa machozi, kisha tunajifunza kuishi upya. Vyote viwili.

3. Kutoka 20:5 inasema Mungu anawapatiliza wana maovu ya baba zao. Je, naadhibiwa kwa makosa ya babu yangu?

Soma hadi mstari wa 6: "hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao, nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao". Weka vizazi vinne upande mmoja na maelfu elfu upande wa pili, uone mzani unavyolala. Kisha fungua Ezekieli 18. Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na methali yao: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu akawakataza kuitumia tena. "Roho itendayo dhambi, ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake" (18:20).

Madhara ni jambo jingine. Baba akiuza shamba kwa pombe, mtoto hana shamba, na wala hajaadhibiwa na Mungu. Wengi wanachanganya hapo na kumchukia Mungu bure.

4. Nimeokoka miaka mingi. Mbona bado nina hasira ile ile ya baba?

Angalia nyumba ya Ibrahimu. Kule Misri alisema Sara ni dada yake (Mwanzo 12). Akarudia Gerari (Mwanzo 20). Isaka alikuwa hajazaliwa bado mara zote mbili, lakini alipofika Gerari na mke wake mrembo akasema uongo ule ule kwa neno lile lile (Mwanzo 26). Mwana wa Isaka, Yakobo, alimdanganya baba yake kwa ngozi za wana-mbuzi. Na wana wa Yakobo wakamdanganya baba yao kwa kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Hii ndiyo familia Mungu aliyoichagua. Kuchaguliwa hakukuwafuta tabia siku hiyo hiyo.

Wokovu unakupa Baba mwingine mara moja. Desturi za nyumba yake tunajifunza tukiwa tayari tumekaa mezani pake. Aliyekuambia kwamba hasira yako ni ushahidi kuwa hujaokoka amekutwika mzigo usio wako. Lakini na wewe usijifariji kwa kusema "ndivyo tulivyo kwetu". Nenda swali la 5.

## Kuanza

5. Naanzia wapi?

Anza na daftari. Andika majina: babu na bibi pande zote mbili, wazazi, baba wadogo, mashangazi, wajomba, wewe. Mbele ya kila jina andika unachokijua kweli, kizuri na kibaya. Nani alikunywa, nani alikimbia nyumba, nani alilea yatima wasio wake, nani aliuza ng'ombe kusomesha. Usiruke mazuri, ukoo wako una urithi mwema pia, na utauhitaji. Mtu mmoja alifika kwangu akisema kwao hakuna mwema hata mmoja, kisha akaandika jina la bibi mzaa mama, kalamu ikasimama, akaanza kulia. Yule bibi ndiye aliyekuwa akimwombea kila alfajiri.

Ukimaliza, tafuta wewe uko wapi kwenye hiyo picha, na ungama sehemu yako. Nehemia aliomba hivi: "naam, mimi na nyumba ya baba yangu tumefanya dhambi" (1:6). Alianza kwa "mimi". Za baba zako unazitaja na kuzikataa. Za kwako unazitubu.

Kisha mwambie mtu mmoja kwa sauti. Hapa ndipo wengi wanarudi nyuma, na hapa ndipo kamba inapokatika. "Ungamaneni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (Yakobo 5:16). Awe mtu mzima wa imani, wa jinsia yako, anayejua kunyamaza, na asiwe ndugu anayehusika na jambo lenyewe. Mkubaliane siku ya kuonana kila wiki, hata kwa nusu saa. Daftari na maombi ya chumbani bila mtu huyu, nimeona yakififia ndani ya mwezi mmoja.

6. Kutaja makosa ya wazazi si kuwavunjia heshima?

Amri ni "waheshimu baba yako na mama yako", nami naishika. Lakini Biblia yenyewe imeandika ulevi wa Nuhu na uzinzi wa Daudi, na hakuna aliyesema imewavunjia heshima. Kumwambia mlezi wako wa kiroho kwamba baba alikuwa akikupiga ni kutafuta dawa. Kumtangaza kijiweni au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ni kumvua nguo.

7. Lazima niungame mbele ya kanisa zima?

Hapana. Najua swali hili linatoka wapi. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Uganda, Tanganyika, Kenya na Burundi, uliwafundisha watu kutembea nuruni: kusimama kwenye ushirika, kutaja dhambi kwa jina lake, kurudisha kilichoibwa. Wazee wetu waliponywa kwa njia ile, wake wakasikia waume zao wakiomba msamaha kwa mara ya kwanza. Namheshimu Mungu kwa hilo.

Ila dhambi iliyomgusa mtu mwingine ina siri ya mtu huyo ndani yake. Ukisimama kanisani ukasema ulichomtendea mkeo, umemweka yeye mbele ya watu bila ruhusa yake. Ungama kwanza kwa uliyemkosea na kwa mtu wa swali la 5. Mengine kwa ushauri wa mchungaji.

8. Kufunga na kuomba kunatosha kuacha pombe?

Wapo walioacha siku moja na hawakurudi, nami ninawajua. Lakini sikiliza jambo hili, linaokoa maisha: mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka akikata pombe ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, kupata degedege na hata kufa. Usimfungie mtu wa namna hiyo kwenye mfungo mkavu wa siku tatu. Mpeleke hospitali kwanza, daktari amsimamie, nanyi mkeshe mkiomba. Kwa waliotekwa na heroini, Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na huduma hiyo imefika mikoa mingine. Kumeza dawa hiyo kila asubuhi si kukosa imani.

## Ukoo na mila

9. Ukoo umeitisha tambiko na mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Niende?

Tenganisha mambo. Kuhesabu jamaa, kufyeka makaburi, kusuluhisha waliogombana, kula pamoja: nenda, tena nenda mapema, na mchango wako wa mchele uwe wa kwanza kufika. Kumwaga pombe na kuwaomba waliokufa watupe watoto na mvua: hapo hatuwezi. "Hamwezi kunywea kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani" (1 Wakorintho 10:21).

Usingoje siku ya siku. Mwendee baba mkubwa wiki mbili kabla, ukae chini, umpe shikamoo yake, umwambie: "Baba, nitakuja, nitalisha wageni, lakini kwenye maombi ya mizimu nitasimama pembeni, na sababu ni hii." Atakasirika. Gideoni aliibomoa madhabahu ya Baali ya baba yake usiku kwa kuwaogopa jamaa, na asubuhi aliyemtetea mbele ya mji alikuwa baba yule yule (Waamuzi 6:25-31). Sikuahidi kwamba wako atakutetea. Ila mpe nafasi.

10. Wanawake wa ukoo wetu hawadumu kwenye ndoa. Bibi, mama, mashangazi, sasa mimi. Kuna roho inatufuata?

Omba, tutaomba pamoja nawe. Lakini kabla ya kuitafuta roho, muulize shangazi mmoja anayekupenda nini kilitokea kwa bibi. Dada mmoja aliuliza hivyo jikoni, wakimenya viazi. Akaambiwa kuwa bibi aliozwa akiwa mtoto kwa mtu mzima, akatoroka, akaapa kuwa hakuna binti yake atakayemtegemea mwanaume. Kiapo kile kikawa malezi: binti anafundishwa kuficha fedha, kutosema moyo wake, kuweka sanduku tayari. Mama alifundishwa, naye akafundisha. Dada yule alikuwa na sanduku la nguo juu ya kabati tangu wiki ya arusi. Tuliomba, ndiyo. Halafu akalishusha, mume wake akiwa amesimama pale, akazipanga nguo kwenye droo moja baada ya nyingine.

Lakini kama unapigwa, swali lako si hili. Soma la 15.

11. Nimerithi jina la babu aliyekuwa mganga. Nilibadilishe?

Si lazima. Yabesi aliitwa kwa huzuni ya mama yake, akaomba kwa jina hilo hilo, na Mungu akamjalia (1 Mambo ya Nyakati 4:9-10).

12. Nimeambiwa nitoe sadaka maalumu ili madhabahu ya ukoo ivunjwe. Nitoe?

Usitoe. Petro alisema "si kwa fedha au dhahabu". Simoni alipotaka kununua karama, aliambiwa fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Elisha alikataa zawadi za Naamani, na Gehazi aliyezikimbilia akapata ukoma (2 Wafalme 5). Nimemwona mama akiuza cherehani yake, ndiyo ilikuwa ikilisha watoto wanne, apate fedha ya "kukomboa ukoo". Inaniuma hadi leo. Toa zaka na sadaka zako kwa furaha kanisani kwako, lakini anayetaja bei ya kukufungua anauza kitu ambacho Kristo alishakilipia.

## Ndoa na watoto

13. Nimempiga mwanangu vile vile nilivyopigwa. Nifanye nini?

Baba yangu alikuwa na mkanda wa ngozi, ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ulipoondoka kwenye msumari, chuma chake kiligonga ubao, na sisi watoto tuliijua sauti ile hata usingizini. Niliapa sitapiga. Kijana wangu alikuwa na miaka saba alipopoteza fedha ya sukari. Nilijikuta nimeshika mkanda wangu mwenyewe, na nilipoufungua nikasikia chuma kikigonga meza. Mtoto hakulia. Alifumba macho, akainua mabega hadi masikioni, kama nilivyokuwa nafanya mimi.

Fanya hivi leo, si kesho. Piga magoti ili macho yenu yalingane. Sema: "Nimekukosea. Kosa ni langu, si lako. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Baba zetu hawakutuomba msamaha, na ndiyo sababu maneno haya yanakwama kooni. "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu" (Waefeso 6:4) ni amri kama zile nyingine. Kisha mwambie mwenzi wako, na mtu wa swali la 5. Mkubaliane ishara: mkeo akikuona unapandwa, anataja neno moja, nawe unatoka nje hadi utulie. Kwetu neno lilikuwa "mkanda". Ule wa kwangu niliukata kwa kisu, mwanangu akiangalia.

Kama umemuumiza, mpeleke hospitali na useme kweli ya kilichotokea.

14. Mchumba wangu anatoka kwenye ukoo wa walevi na wapigaji. Nimwache?

Hezekia alikuwa mwana wa Ahazi aliyempitisha mwanawe motoni. Yosia alikuwa mwana wa Amoni na mjukuu wa Manase, na alitawazwa akiwa na miaka minane. Wote wawili walimcha Bwana kuliko baba zao. Kwa hiyo ukoo wake peke yake hautoshi kumkataa mtu.

Lakini mtazame yeye. Je, anaweza kulitaja jambo la kwao bila kucheka wala kugomba? Akikasirika, mikono yake inakwenda wapi? Ana mtu anayemrudi, naye anakubali kurudiwa? Kama amekupiga hata mara moja mkiwa wachumba, sitisha. Arusi haijawahi kumponya mpigaji.

## Hali ngumu

15. Aliyenidhuru ni ndugu, na ukoo unasema tuyamalize nyumbani. Nikienda polisi si nitavunja familia?

Familia ilivunjwa na aliyekudhuru. "Kuyamaliza nyumbani" kwa mbuzi mmoja na maneno ya wazee ndiko kulikomwezesha kuendelea hadi kwa mtoto wa pili. Bwana Yesu alisema juu ya amkosheshaye mdogo mmoja kwamba yamfaa afungiwe jiwe kubwa la kusagia shingoni (Mathayo 18:6). Hakusema tumfichie.

Aliyebakwa au kulawitiwa afike hospitali haraka, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Asioge wala kufua nguo kabla. Tanzania, vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa mtoto piga 116, bure. Kenya nako 116 ni ya watoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamlinda mtoto hata dhidi ya mzazi wake. Mchungaji akikuambia unyamaze kwa ajili ya jina la kanisa, tafuta mchungaji mwingine.

16. Nikimsamehe, lazima nirudi kukaa naye?

Hapana. Kusamehe ni kumwachia Mungu kisasi. Kukaa naye kunahitaji toba inayoonekana, na muda. Yusufu aliwasamehe ndugu zake, lakini kabla hajajitambulisha aliwapima: aliangalia kama watamwacha Benyamini kama walivyomwacha yeye (Mwanzo 42 hadi 45). Yuda aliposema "nibaki mimi", ndipo Yusufu akalia.

17. Selimundu, kifafa au ugonjwa wa akili vimo kwenye ukoo. Ni laana?

Ni ugonjwa. Selimundu hutokea mtoto anapopata vinasaba vyake kutoka kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kuzaa mtoto mgonjwa, hata kama wazazi ni watakatifu wa namna gani. Pimeni kabla ya ndoa. Wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, Yesu alijibu: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake (Yohana 9:3). Na mtu asikuambie uache dawa za kifafa ili kuonyesha imani.

18. Baba amefariki kabla hatujapatana. Nimechelewa?

Kwa kupatana naye, ndiyo, na huo ni msiba wa pili, uomboleze. Usizungumze na kaburi ukingoja jibu. Mwambie Mungu yote uliyotaka kumwambia baba, kwa sauti, hata kwa ukali. Zaburi zimejaa maneno makali kuliko yako. Kama kuna deni lake unaloweza kulilipa, mathalani mtoto aliyemkataa nje ya ndoa, mtafute. Yule ni ndugu yako. Nilipomfuata wa kwetu alikuwa na miaka arobaini na moja, fundi baiskeli. Aliniangalia uso kwa muda mrefu, kisha akasogeza benchi nikae.

19. Nilikaa miaka sita bila kunywa, nimeanguka Jumamosi. Yote yamepotea?

Miaka sita haijafutika. Watoto wako wameila na wameikulia. Lakini usijidharau wala usijiamini. Gideoni yule yule aliyebomoa madhabahu ya baba yake, baada ya ushindi wake alitengeneza naivera ya dhahabu, yaani vazi la kikuhani, ikawa tanzi kwa nyumba yake (Waamuzi 8:27). Tafuta kilichotangulia Jumamosi. Uliacha lini kuonana na mtu wako wa kila wiki? Msiba ulikuwa wa nani? Nani alikupa kikombe cha kwanza, na ulikuwa umekaa wapi?

Usiwaeleze watoto leo, kichwa kikiwa bado kizito, kesho waeleze. Leo mpigie yule uliyemwambia mara ya kwanza, hata kama ni saa nane za usiku, na mimina kilichobaki nje, mbali na kidumu ambacho mtoto hutumwa nacho.